Kumfundisha mtoto kujumlisha na kutoa namba za tarakimu mbili: mwongozo kamili, kuanzia kwenye vijiti

Madaftari ninayoletewa na wazazi yana makosa mawili yanayojirudia kila muhula. La kwanza ni 27 + 15 = 312. La pili ni 52 − 17 = 45. Mama mmoja hapa Masasi alinionesha yote mawili kwenye ukurasa mmoja, yakiwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu na maneno "fanya masahihisho" chini yake. Mtoto alikuwa amefanya masahihisho mara tatu, na mara zote tatu alirudia jibu lilelile.

Mtoto huyo hana shida ya akili. Anajua saba na tano ni kumi na mbili, na mbili na moja ni tatu. Asichokijua ni kwamba ile 2 iliyoko kwenye 27 ni ishirini. Kumrudishia hesabu aifanye upya hakumwoneshi hilo. Inabidi ashike hizo kumi, azifunge, azifungue, azihesabu, mpaka aione ishirini hata akifumba macho.

Mwongozo huu unamfaa mzazi, bibi anayelea wajukuu, na mwalimu wa Darasa la Kwanza au la Pili. Tenga dakika 15 hadi 20 kwa siku, si zaidi. Usipange hatua kwa tarehe, kwa sababu hatua ambayo mtoto mmoja anaimaliza kwa siku mbili humchukua mwenzake wiki mbili. Ruhusa ya kusonga mbele hutolewa na ile dalili niliyoiandika mwishoni mwa kila hatua.

## Vitu vya kuandaa

- Vijiti 100 vya urefu sawa. Huku kwetu hakuna kitu rahisi kuliko njiti za fagio la chelewa. Zikate ziwe na urefu wa kalamu, kisha sugua ncha zisichome.
- Pete 10 za mpira. Chukua tyubu chakavu ya baiskeli, ikate kwa upana upate pete nyembamba. Ni bora kuliko kamba, maana mtoto anaweza kuivisha na kuivua mwenyewe bila kukuita.
- Trei moja ya mayai. Trei ya kawaida ina mashimo 30, safu sita za matano. Ikate kila baada ya safu mbili, utapata vipande vitatu vyenye mashimo kumi kila kimoja.
- Mbegu 20 za ukwaju au vizibo vya soda.
- Daftari la miraba, penseli na kifutio. Chaki ya kuchorea sakafuni ikikosekana, mchanga wa uani unatosha.

Onyo kuhusu korosho. Najua korosho ghafi zimejaa nyumbani msimu ukifika, na mkono unavutwa kuzifanya vihesabio. Usizitumie. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilizigawa darasani, mtoto mmoja akaing'ata ya kwake, na midomo ikambabuka. Tangu siku ile sijawahi kuziweka mezani. Na kama nyumbani kuna mdogo anayetambaa, hata zile mbegu za ukwaju zikusanywe zote kila mnapomaliza.

## Kabla ya yote, mpime

Mwagia vijiti 25 mezani. Mwambie avihesabu, kisha aandike namba aliyoipata. Ataandika 25. Sasa onesha ile 5 kwa kidole umwambie, "Nioneshe vijiti vya hii." Atatenga vitano. Kisha onesha ile 2 na kumwambia vilevile.

Hapa nyamaza umtazame. Wengi hutenga vijiti viwili. Nakumbuka binti mmoja aliyesogeza viwili kwa uangalifu mkubwa, akavipanga sambamba na vile vitano, kisha akabaki anatazama kumi na vinane vilivyosalia. Nilimuuliza, "Na hivi je?" Akasema, "Hivi havina namba."

Mtoto wa namna hiyo anaanzia Hatua ya 1, hata kama yuko Darasa la Tatu. Akitenga ishirini bila kusita, mpitishe haraka Hatua ya 1 hadi ya 3 na utulie naye kwenye ya 4.

## Hatua ya 1: Jozi za kumi

Chukua kipande kimoja cha trei. Weka mbegu saba, muulize mashimo mangapi yako wazi. Badilisha: nne, tisa, sita, mbili. Baadaye funika trei kwa kitambaa, umtajie idadi ya mbegu tu, yeye akutajie mashimo.

Sababu: Mbinu zote zinazofuata hupitia kwenye kumi. Mtoto anayesimama kuhesabu vidole ili ajue nane inahitaji ngapi kufika kumi, akifika katikati ya hesabu atakuwa amesahau alikotoka.

Dalili ya kufaulu: Unataja "sita", anajibu "nne" kabla hujavuta pumzi. Jozi zote, mbele na nyuma.

## Hatua ya 2: Kufunga matita

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anayepaharakisha atarudi.

Mpe vijiti vilivyochanganyika, mwambie ahesabu kumi, avivishe pete ya mpira. Hilo ni tita moja, kama tita la kuni ambalo ameshaliona likiletwa kichwani kutoka shamba. Aendelee mpaka visivyofika kumi vibaki nje. Kisha asome alichonacho: "Matita matatu na vijiti vinne."

Afunge mwenyewe. Matita uliyomfungia wewe kwake ni kitu kimoja kinene tu, hayana kumi ndani. Akitia shaka, mwache avue pete ahesabu tena. Muda huo haupotei.

Sasa tuje kwenye majina, maana Kiswahili chetu kina mtego ambao watu wazima hatuusikii tena. Kumi na nne inajieleza yenyewe, ni kumi, kisha nne. Lakini ishirini haina mbili ndani yake. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, hamsini haina tano, wala themanini haina nane. Sitini, sabini na tisini zina unafuu kwa kuwa zinafanana na sita, saba na tisa. Majina haya yote yametoka kwenye Kiarabu, na mtoto anayeongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani huenda akawa ameyasikia kwa mara ya kwanza darasani. Thelathini na themanini ndizo zinazochanganywa zaidi, kwa jinsi zinavyoanza kwa sauti moja.

Dawa yake ni kumpa kila namba majina mawili kwa wiki kadhaa. Akishika matita matatu na vijiti vinne aseme, "Makumi matatu na mamoja manne, thelathini na nne." Akiandika 34 aseme hivyohivyo. Hata mkiwa njiani kwenda sokoni, ukisema "themanini na moja" yeye akujibu "makumi manane na moja moja".

Geuza pia. Andika 43 na 34, umwombe akuletee vijiti vya kila moja, aviweke pembeni ya namba yake. Tarakimu ni zilezile, mizigo si sawa. Usimweleze. Mwulize tu ungepewa uchague ungechukua upi, na kwa nini.

Onyo: Namba kama 30 na 50 zipe siku yake peke yake. Mtoto asipoona kijiti nje ya tita huiacha sifuri na kuandika 3. Mwulize, "Nje ya matita kuna vingapi?" Akisema "hamna", mwambie aandike hiyo "hamna".

Dalili ya kufaulu: Unaandika 62, naye moja kwa moja anachukua matita sita na vijiti viwili. Akianza kuhesabu kijiti kimojakimoja hadi sitini na mbili, bado.

## Hatua ya 3: Kuruka kumikumi

Mpe matita matatu na vijiti vinne. Ongeza tita moja, muulize ana ngapi. Ongeza lingine. 34, 44, 54, 64. Kisha punguza tita mojamoja mpaka 4. Mwache agundue kwa macho yake kwamba ile 4 ya mwisho haisogei.

Halafu nendeni uani. Chora mstari mrefu mchangani bila namba yoyote, weka alama mwanzoni, sema "hapa ni 27". Mruko mkubwa ni kumi, hatua ndogo ni moja. Aruke kwa miguu akitaja anapotua. Watoto hawachoki na mchezo huu, na mstari huohuo tutauhamishia kwenye daftari.

Dalili ya kufaulu: Anasema 38, 48, 58, 68 bila kupitia 39, 40, 41.

## Hatua ya 4: Kujumlisha

Chukua ileile iliyowashinda wengi, 27 + 15. Mfundishe njia mbili, kila moja kwa siku zake.

Njia ya matita. Upande mmoja matita mawili na vijiti saba, upande mwingine tita moja na vijiti vitano. Akusanye matita pamoja, vijiti pamoja. Sasa ana matita matatu na vijiti kumi na viwili nje. Kaa kimya. Mtoto aliyepita vizuri Hatua ya 2 ataona mwenyewe kwamba kuna kumi haijafungwa, ataomba pete. Matita manne na viwili: 42. Mtoto aliyewahi kuandika 312 akiona vijiti vyake havifiki hata matita matano, anajua jibu lile haliwezekani. Mimi sijawahi kupata maelezo ya mdomo yanayofanya kazi hiyo.

Njia ya mstari. Chora mstari mtupu kwenye daftari. Anza 27. Ruka kumi, utue 37. Zimebaki tano. Kufika 40 inahitaji tatu (hii ndiyo kazi ya Hatua ya 1), zinabaki mbili, unatua 42. Aandike kila anapotua.

Anza na hesabu ambazo mamoja hayafiki kumi, kama 32 + 14, ndipo uende kwenye 36 + 24 na 48 + 37. Ile 36 + 24 usiiruke. Mamoja yake yanatimia kumi kamili, na wengi wanaandika 6 badala ya 60.

Onyo: Usimkataze vidole. Vidole ni tita la kwanza alilozaliwa nalo. Kadiri jozi za kumi zinavyokaa kichwani, vidole huachwa vyenyewe.

Dalili ya kufaulu: Kabla ya kupiga hesabu anaweza kukuambia jibu litakuwa zaidi ya arobaini au chini yake.

## Hatua ya 5: Kusawazisha

Hii ni fupi na ni ya watoto walioiva. Hesabu ni 29 + 36. Weka vijiti vyote mezani. Muulize, "Huyu wa 29 amepungukiwa nini atimize matita matatu?" Kijiti kimoja. Akichukue kutoka kwenye 36. Imekuwa 30 + 35, na jibu ni 65.

Itumike namba ikiishia na 9 au 8 tu. Akitaka kusawazisha 24 + 33 mwache ajaribu, ataona mwenyewe haimsaidii kitu.

## Hatua ya 6: Kutoa

Kutoa kunawashinda watoto zaidi ya kujumlisha, na sehemu ya lawama ni yetu wakubwa. Tumewaambia tangu mwanzo kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo. Basi mtoto anapoikuta 52 − 17 na kuona 7 chini ya 2, anageuza kwa heshima: 7 toa 2, tano, 5 toa 1, nne. Ndiyo ile 45. Ametii kanuni tuliyompa.

Kwa hiyo kauli hiyo iache. Sema, "Vijiti vilivyo nje havitoshi."

Njia ya kufungua tita. Mtoto ashike matita matano na vijiti viwili. Nyoosha mkono umwambie, "Nipe kumi na saba." Atakupa tita moja. Kisha anatafuta saba, naye nje ana viwili. Hapo usiseme neno. Wengine watakuangalia usoni, wengine watajaribu kukupa viwili na kusema vimeisha. Rudia kwa upole, "Bado nakudai vitano." Mwishowe kidole kitakwenda kwenye pete ya mpira, ataivua, vijiti kumi vitamwagika mezani. Hapo ndipo ameelewa kutoa, na kalamu haijaguswa bado. Kwake yanabaki matita matatu na vijiti vitano: 35.

Fanya hivi siku nne au tano mfululizo, kila siku hesabu tatu tu. Weka ndani yake 60 − 24 na 40 − 13, kwa sababu sifuri kwenye mamoja huwafanya waandike 44 na 33.

Njia ya kurudi nyuma. Kwenye mstari mtupu anza 52 upande wa kulia. Rudi kumi, 42. Rudi mbili, 40. Zimebaki tano, 35. Kituo cha 40 ni cha lazima mpaka azoee.

Njia ya kupanda. Mpeleke mtoto akamtazame mama muuza samaki ufukweni Mikindani, au muuza genge yeyote wa mtaani kwenu, anavyorudisha chenji. Samaki ni 6,500, umempa noti ya 10,000. Haandiki popote. Anakuwekea mia tano mkononi, "elfu saba", kisha anaongeza elfu tatu, "elfu kumi". Hakutoa chochote. Amepanda kutoka bei hadi kwenye noti, na alichoweka mkononi mwako ndilo jibu.

Mtoto afanye vivyo hivyo kwa 52 − 48. Aanzie 48, mbili afike 50, mbili afike 52. Jibu 4. Kurudi nyuma hatua 48 kwa hesabu hii ni kujichosha bure. Lakini kwa 52 − 6, kurudi nyuma ndiko kwepesi. Mwandikie hesabu sita zilizochanganyika, 81 − 76, 63 − 5, 70 − 68, 45 − 12, 90 − 7, 34 − 29, na usimwambie apige. Akwambie tu kwa kila moja angepanda au angerudi nyuma. Ni zoezi la dakika tano, na kwangu lina faida kuliko kurasa mbili za hesabu.

Dalili ya kufaulu: Akipata jibu anajumlisha kurudi alikotoka. 35 na 17, je, zinafika 52?

## Hatua ya 7: Kuandika wima

Sasa tu ndipo wima iingie. Chora safu mbili kwenye daftari la miraba, makumi kushoto, mamoja kulia. Vijiti vibaki mezani kwa wiki ya kwanza, na kila alama anayoandika iwe imetokea kwanza kwenye vijiti. Amefunga tita jipya, anaandika 1 ndogo juu ya makumi. Amefungua tita, anakata 5 anaandika 4, na mamoja yanakuwa 12.

Neno "kukopa" silitumii. Mkopo hulipwa, na mtoto mmoja aliwahi kuniuliza ile kumi tunairudisha lini. Swali lake lilikuwa la haki. Sema "kufungua kumi". Kwa kujumlisha, badala ya "kubeba" sema "tita limehamia kwa wenzake". Mwalimu wake shuleni akitumia maneno ya kubeba na kukopa, mwambie mtoto ni kitu kilekile, asije akadhani ni hesabu tofauti.

Onyo: Hesabu ya 30 + 35 haihitaji wima. Mtoto anayepanga wima kila kitu, hata 50 + 20, ameacha kutazama namba. Mrudishe kwenye kichwa.

## Hatua ya 8: Mafumbo ya maneno

Usimfundishe kuwinda neno. Tumezoea kusema "zaidi" maana yake jumlisha na "baki" maana yake toa, mpaka fumbo kama hili linapowakamata:

*Babu ameokota ndoo 34 za korosho. Ndoo zake ni zaidi ya za bibi kwa 16. Bibi ana ndoo ngapi?*

Aliyefundishwa kuwinda neno ataandika 50. Mwambie mtoto achore kwanza mistari miwili, wa babu mrefu na wa bibi mfupi. Akishajua nani ana nyingi, ishara ya kuchagua inajileta. Jibu ni 18. Mafumbo mengine yatungeni pamoja kwa vitu vya nyumbani kwenu: nazi, mihogo, madumu ya maji, hatua za kufika kisimani.

## Kama una watoto sabini darasani

Vijiti si tatizo. Kila mtoto aje na njiti 20, uwaweke watanowatano, na kila kundi litakuwa na 100. Pete za mpira zitatoka kwenye tyubu mbili tatu za fundi baiskeli, ambaye hukubali kuzitoa bure. Waanzishe wote kwenye Hatua ya 2, kisha uzunguke na swali moja tu mdomoni: "Nioneshe hii 2 ni vijiti vingapi." Mkifanya hivyo siku tatu utakuwa umewajua wote wasioona ishirini, na hao ndio wakae meza ya mbele.

## Kipimo cha mwisho

Mwandikie 63 − 28, umwache peke yake.

Akileta 45, rudi Hatua ya 6, kwenye kuvua pete. Akileta 35 kwa wima lakini akashindwa kukuonesha kwa vijiti, rudi Hatua ya 2, hata kama daftari lote limejaa vema. Akileta 35 na kuanza kukueleza njia ambayo wewe mwenyewe hukumfundisha, labda "nimetoa thelathini nikarudisha mbili", mwache amalize kusema, kisha mpe 71 − 39.